Mwaka Niliounguza Patasi za Fundi Laurenti

Mama Adela tulimzika Jumamosi. Jumapili mchana, wageni wengi walipokwisha kuondoka, binti yake Adela alinikuta kwenye jiko la nje la nyumba yao ya Kiseke nikimenya ndizi. Akavuta kigoda, akachukua kisu, tukawa tunamenya wote. Yeye naye sasa ni bibi mwenye wajukuu, na kichwa chake kimeingia mvi kuliko changu. Beseni lilipofika nusu ndipo akaniuliza: "Dada Kabula, hivi wewe uliingiaje kwetu? Mimi nilikwenda bweni, nikarudi likizo ya mwisho wa mwaka nikakukuta unakaa mezani na baba kama mtoto wa humu ndani. Nikauliza, mama akasema, 'Huyo ni fundi.' Basi. Hakuna aliyenieleza zaidi." Nilimjibu juu juu kwamba baba yake alinifundisha kuchonga. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nikaona nimempunja. Nyuma ya jibu lile kuna mwaka mzima, na aliyeuona kwa macho nimebaki mimi peke yangu.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeletwa Mwanza mjini, mtaa wa Mirongo, kwa shangazi yangu ili nijifunze cherehani, na cherehani ilinishinda. Haikunishinda mikono, ilinishinda moyo. Kila nikienda darasani nilipita karibu na karakana moja ya mabati, nyuma ya nyumba ya matofali iliyoegemea jiwe kubwa, na kila nikipita nilisikia nyundo ya mti ikigonga patasi: ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko moja ya taratibu. Sauti ile ilinivuta kama mtu anayeniita. Siku moja nikaingia. Ndani kulikuwa na harufu ya mbao za mkangazi, tamu na kavu, na mwanga uliopita kwenye matundu ya mabati ukaanguka juu ya vumbi la mbao. Mzee mwembamba, mwenye kofia ya kufuma, alikuwa ameinamia ubao uliofungwa kwenye jiriwa. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta kiti kitengenezwe?"

"Hapana. Nimekuja kuomba kujifunza."

Hapo akainua kichwa. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana wakati ule mtu yeyote mwingine pale mjini angecheka. Aliniangalia miguuni, nilikuwa na ndala. "Kesho uje na viatu vya kufunika vidole," akasema. "Patasi ikianguka haiulizi ni mguu wa nani."

Fundi Laurenti alikuwa Mhaya, aliyevuka ziwa kutoka Bukoba akiwa kijana. Alikuja Mwanza na mke, godoro na mfuko wa turubai wenye patasi kumi na moja, alizoachiwa na bruda mzee aliyemfundisha kuchonga huko misheni. Sijui kama nitaweza kueleza patasi zile zilikuwa nini kwake. Zilikaa ukutani kwenye ubao wenye matundu, kila moja na tundu lake, mipini yake imekuwa myeusi na laini kwa jasho la viganja viwili, kiganja cha bruda na cha kwake. Kila seremala anaijua patasi bapa, ile ya kutoboa na kusawazisha. Lakini mchongaji anaishi kwa zile zilizopinda mdomo kama mfereji. Vitabuni huitwa bobari, sisi tuliziita patasi za mfereji. Kuna yenye mfereji usio na kina, karibu iwe bapa. Kuna iliyopinda kama ukucha. Kuna iliyopinda kama nusu ya bomba. Kuna zenye shingo iliyoinama kama kijiko, za kufikia shimoni. Na kuna ile yenye mdomo wa pembe, inayochora mstari kama kalamu. Miezi mitatu ya kwanza sikuruhusiwa kushika hizo. Nilipewa mbili tu, zilizokuwa zimelika zaidi, na kipande cha mninga, na kazi yangu ilikuwa kuisimamisha patasi wima juu ya mti, kuigonga mara moja, kuitoa, na kuangalia alama iliyoacha.

"Unaona nini?" aliniuliza kila mara.

"Naona mwezi mwembamba."

"Sasa ukiigeuza ukagonga tena, kingo zikutane?"

"Itakuwa duara."

"Gonga tuone."

Mara nyingi duara halikufunga. Ncha zilipishana, au kulibaki pengo. Alikuwa ananifundisha kuchagua: kwamba jani haliambiwi likae upande fulani kwa nguvu, unatafuta kwanza patasi ambayo mpindo wake ni mpindo wa lile jani, halafu kazi inakuwa nyepesi. Anayechagua vibaya hulazimika kukwangua, na mti uliokwanguliwa hauna uso. Maneno hayo aliyasema wakati wa chakula, maana akiwa kazini alinyamaza. Chakula kilikuwa ndizi zilizoletwa na meli, zimepikwa na maharage au dagaa, na siku Mama Adela akijisikia vizuri, sato mzima juu yake. Fundi alikula ndani, mezani, na mwanzoni mimi nilikula na Mama Adela jikoni, mlango ukiwa wazi tukimsikia. Baada ya kula Fundi alitoa mfukoni buni za kahawa zilizokaushwa, akatafuna mbili tatu akitazama ukutani, na mkewe akasema kwa sauti ya kunitania mimi, "Muache, waitu," yaani mwenzetu kwa Kihaya, "anaongea na ubao wake."

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa milango ya kanisa jipya la parokia moja nje ya mji, milango miwili ya mvule, kila mmoja na vipande vinne vya kuchongwa. Paroko alikuja mwenyewe na karatasi iliyochorwa mizabibu. Fundi aliiangalia karatasi, akamrudishia. "Padre, waumini wako wangapi wamewahi kuona zabibu?" Paroko akajikuna shingo. Fundi akachukua mkaa, akachora juu ya ubao tawi la mbuni lenye buni zilizobanana, na chini yake samaki wawili. "Hiki watakitambua." Paroko akacheka, akakubali, na akaomba milango iwe tayari kabla askofu hajaja kutabaruku kanisa. Akadokeza pia kwamba milango ikimpendeza, ipo kazi ya altare.

Tulikuwa tumemaliza kupiga randa mbao zote na kuchora, uchongaji wenyewe bado, ndipo habari ya msiba ikaja kutoka Bukoba. Fundi akapanda meli. Aliniachia neno moja: "Zinoe hizo mbili zako. Nikirudi tunaanza." Angekuwa huko wiki moja. Siku ya kwanza nikanoa zangu kwenye jiwe la mafuta, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mabega yakawaka. Siku ya pili nikaziangalia zile nyingine tisa ukutani, nikaona baadhi zimepata vijino, na wazo likanijia ambalo niliona ni la heshima kubwa: akirudi azikute zote zinang'aa. Kunoa kwa mkono patasi tisa kungechukua siku nyingi. Lakini hatua hamsini kutoka karakana kulikuwa na mchomeleaji wa vyuma mwenye mashine ya umeme ya kusagia, na alikuwa kijana mwema. Nilizifunga kwenye kitenge, nikampelekea. Akaziweka moja moja kwenye gurudumu, cheche zikaruka kama mtama unaopepetwa, na mimi nikasimama pembeni nikifurahi. Niliona mdomo wa patasi ya kwanza ukibadilika rangi, ukawa njano, ukawa zambarau, ukawa buluu nzuri kama shingo ya njiwa. Niliiona, nikadhani ni mng'aro. Kijana yule akanirudishia akisema, "Dada, mpya kabisa hizi." Na yeye hakujua. Milango ya geti haitaki elimu hiyo.

Nilijua jioni hiyohiyo. Nilichukua ile ya mpindo wa ukucha, nikaisukuma kwenye kipande cha mvule, ikaingia vizuri kidogo, halafu ikasita. Nilipoitoa, mdomo ulikuwa umekunjika kama ukingo wa bati. Nikajaribu ya pili. Nikajaribu ya tatu. Chuma kilikuwa kimekufa kwa joto la lile gurudumu. Nilizirudisha zote ukutani kwenye matundu yake, nikakaa chini kwenye vumbi la mbao, na siku zilizobaki mpaka meli irudi sikuweza kula. Mama Adela alidhani nina malaria, akanipikia uji.

Fundi alirudi asubuhi, akaingia karakana hata kabla hajanywa chai. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikasema tu, "Mzee, nimeziua patasi zako." Akaenda ukutani. Alitoa moja, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole pale penye buluu, akairudisha. Akatoa ya pili. Akafanya hivyo mpaka ya tisa, bila haraka, na mimi nikiwa nimesimama nikisikia kila patasi inavyogusa mti ikirudi tunduni. Alipomaliza akauliza, "Mashine?" Nikasema, "Mashine." Akatoka nje, akaingia ndani kwake, na mlango ukafungwa. Nikaanza kukusanya vitu vyangu: kanga, daftari, viatu vya kufunika vidole. Kesho yake nilikwenda tu kuaga. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mfuko wa turubai uko miguuni.

"Mbona umebeba kanga?" akauliza.

"Naondoka, Mzee."

"Ndiyo, unaondoka. Na mimi. Tunakwenda Misungwi."

Tulipanda lori lililoleta mkaa mjini na sasa linarudi tupu, tukakaa mbele na dereva, na njia nzima Fundi alitafuna buni zake akiangalia mashamba ya pamba. Nilidhani ananipeleka kwa wazee wangu, maana kwetu ni njia hiyohiyo, anirudishe kama mtu anavyorudisha mali mbovu. Lakini lori lilipopita njia panda ya kwetu hakusema simama. Tulishuka mbele, tukaingia nyumbani kwa mhunzi mmoja aliyeitwa Mzee Luhende, mtu mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya moto, ambaye Fundi alimfahamu kwa miaka mingi. Alikuwa anafua majembe na mikuki ya kuchinjia ng'ombe wa matambiko. Nilimwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, guku," yaani habari za asubuhi, babu, naye akafurahi sana kupata Msukuma mwenzake, tukazungumza, mpaka Fundi akasema, "Nasikia jina langu humo ndani. Semeni kwa Kiswahili niweze kujitetea." Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi Bukoba namwona anatabasamu. Nikajua sijafukuzwa, nikaketi.

Tulikaa pale siku tano. Mke wa Mzee Luhende alitulisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga, na maziwa mgando kwenye kibuyu, na mimi nililala na binti zake. Mchana nilishika mivukuto ya kupulizia moto. Mzee Luhende alizikagua patasi moja moja, akasema kwa Kiswahili chake ambacho makali yalikuwa "makari": "Makari yametoka, lakini chuma bado kipo. Moto ndio ulioyatoa, moto ndio utayarudisha." Akachukua mojawapo, akaipasha mpaka ikawa nyekundu kama pilipili iliyoiva, akaizamisha kwenye mafuta machafu ya gari. Ikalia. Akanipa tupa nipitishe kwenye mdomo wa patasi. Tupa ikateleza kama inapita juu ya kioo. "Sasa ni ngumu mno. Ukiiangusha itavunjika kama kigae. Tuitulize." Akaing'arisha kwa mchanga, akaipasha tena taratibu kuanzia shingoni, akanivuta kwa mkono nisogee. "Usiangalie moto. Angalia rangi inavyotembea."

Ikaanza kutembea. Njano ya mabua makavu ya mpunga ilitoka shingoni, ikateleza kuelekea mdomoni, nyuma yake kahawia, nyuma ya kahawia zambarau. Njano ilipofika ncha, akaizamisha kwenye maji. "Hapo ndipo pake. Ungeiacha kidogo?"

"Ingekuja buluu," nikasema.

"Na buluu ndiyo uliyoiona mjini."

Nikaanza kulia. Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye gogo, akasema, "Mzee Luhende, mpe ya pili aifanye mwenyewe."

Patasi saba ziliokoka. Mbili zilipasuka ndani ya mafuta, mojawapo mikononi mwangu. Nilisikia mlio mwembamba, tik, na nilipoitoa ilikuwa na ufa katikati ya mfereji. Fundi aliipokea, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfukoni. Halafu akasema kwamba mlango hausubiri, kwa hiyo tutengeneze nyingine, na nyingine hizo nitazitengeneza mimi. Siku mbili zilizobaki zikawa za hilo. Mzee Luhende alikata vipande vya springi ya lori, akanionyesha jinsi ya kukifua kila kimoja kiwe bapa, kukiweka juu ya fuawe lenye mkondo, na kukigonga kwa chuma cha mviringo mpaka kikubali kuwa mfereji. Cha kwanza kilipinda upande. Cha pili kilikuwa kinene kama mchi. Cha tatu Fundi alikiangalia kwa muda mrefu, akasema, "Hiki kina adabu." Kwa mishipa midogo ya majani tulihitaji patasi nyembamba ambayo hakuna springi ingeweza kuizaa, na hilo alilitatua mke wa Mzee Luhende, aliyekuwa anasikiliza mazungumzo yetu akipepeta. Aliingia ndani akatoka na mwamvuli uliokufa, akauweka miguuni pa Fundi. "Si mnatafuta kimfereji kidogo?" Na kweli, mbavu za mwamvuli zimekunjwa kama mfereji tangu kiwandani. Tukakata mbili, tukazinoa, tukazichomeka kwenye mipini ya mti wa mpera. Nimenunua patasi nyingi tangu hapo, za nchi mbalimbali, lakini kwa mshipa wa jani sijapata inayoishinda ubavu wa mwamvuli wa yule mama.

Tuliporudi mjini kazi ikawa ya kunoa, na sasa nilinoa zote, kwa mkono. Nilijifunza kushika pembe moja bila kuyumba, kuizungusha patasi ya mfereji kwa kifundo cha mkono ili mdomo wote uguse jiwe, kufuta kinyweleo, ule uzi wa chuma unaojikunja ndani ya mdomo, kwa kipande cha jiwe tulichokichonga kiwe mviringo, na kumalizia kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa majivu ya pumba za mpunga. Tulipima kwa kukata ubao wa msonobari kuvuka nyuzi zake: patasi ikiacha njia inayong'aa, imeiva, ikiacha mstari mweupe hata mmoja, rudi kwenye jiwe. Nilirudi mara nyingi. Siku moja katika siku hizo paroko alikuja kuuliza kwa nini milango haijaanza. Mimi nilikuwa jikoni na Mama Adela, na dirisha la jikoni lilitazama mlango wa karakana. Nilimsikia paroko akiuliza zana zimekuwaje. Fundi akajibu, kwa sauti yake ileile ya kawaida, "Nilizichoma mimi, Padre. Ni kosa langu. Nipe mwezi mmoja zaidi."

Nikaacha kisu. Nilitaka kutoka. Mama Adela hakuniangalia hata kidogo, alinisogezea mkungu mwingine na kusema chini chini, "Menya ndizi, mwanangu." Nikamenya. Mchana huo aliweka sahani tatu mezani, akaniita ndani, na tangu siku hiyo sikula tena jikoni. Adela akisoma hapa atapata jibu la sehemu ya swali lake.

Tulichonga miezi mitano. Fundi alichukua samaki na vipande vya juu, mimi akaniachia matawi ya mbuni ya chini, ambapo kila buni ilitaka patasi inayofunga duara kwa kugongwa mara mbili tu. Patasi ile nilikuwa nimeifua mwenyewe, na duara lilifunga. Sijui niseme nini zaidi. Kuna furaha ambazo mtu akizieleza zinapungua. Nilichonga buni mia mbili na kitu, na kila moja ilipofunga nilihisi nimesamehewa kidogo.

Milango ilitundikwa wiki moja kabla ya kutabaruku. Watu wa halmashauri ya parokia walikuja kuiona, wakaisifu, wanawake wakapitisha vidole juu ya buni wakitaja mashamba ya kwao. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikifuta vumbi kwenye bawaba, na wazee wawili wa halmashauri walisimama upande wa pili wa mlango bila kuniona.

"Kazi nzuri. Pole yake Laurenti," akasema mmoja.

"Pole ya nini?"

"Altare. Amepewa fundi mwingine kule mjini. Paroko anasema mzee mkono umekwisha, mtu anayechoma zana zake mwenyewe huwezi kumwachia altare."

Niliendelea kufuta bawaba ileile kwa muda mrefu sana. Fundi alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, kofia mkononi, akipokea pongezi kama mtu anayepokea pole. Nikajua kwamba anajua. Alikuwa ameambiwa, akanificha.

Kesho yake sikwenda karakana. Nilitembea mpaka kwa paroko kwa miguu, na njia nzima niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya buluu, maana siku ile kosa lilikuwa limekwisha kutendeka, na leo nilikuwa nakwenda kulifungua mbele ya mtu. Nilimkuta bustanini anamwagilia mchicha. Nikamwamkia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mashine, cheche, Misungwi, patasi mbili zilizopasuka. Akaweka ndoo chini.

"Kwa nini yeye aliniambia ni yeye?"

"Sijui, Padre. Mimi nakuambia kilichotokea."

"Na hizo buni kwenye mlango, nani alichonga?"

"Mimi."

Akajifuta mikono kwenye kanzu. Halafu akasema kwamba altare ilikwisha kutolewa, yule fundi mwingine ameshanunua mbao, na si haki kumnyang'anya. Niliitikia, ilikuwa kweli. Nilirudi nikiwa mtupu, nikidhani nimemwaibisha Fundi bure. Lakini siku ya tatu paroko alikuja karakana. Aliingia, akaketi kwenye gogo, akamwomba Fundi msamaha mbele yangu na mbele ya Mama Adela aliyekuwa ameleta chai. Altare hakuweza kuirudisha. Alileta kazi ya mimbari, ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria, na akataka ichongwe na sisi wawili, majina yetu yote mawili yaandikwe kwenye daftari la parokia.

Alipoondoka, Fundi hakunitazama. Alichukua ubao wa kwanza wa mimbari, akaukagua nyuzi, akaupiga randa upande mmoja mpaka mwisho. Ndipo akasema, bado ameinama:

"Nani alikutuma kwa paroko?"

"Hakuna, Mzee. Sikutaka uonekane mkono umekwisha kwa uongo uliousema kwa ajili yangu."

"Uongo upi?"

"Kwamba ulizichoma wewe."

Akasimamisha randa, akaniangalia, na nikaona kwamba kweli anashangaa. "Kabula," akasema, "mimi sikumdanganya Padre. Nilikufundisha kuchagua patasi, nikakufundisha kugonga, nikakufundisha jiwe. Moto sikukufundisha. Nikapanda meli nikakuachia chuma cha bruda bila kukuambia chuma kinakufaje. Sasa nani alizichoma?"

Nimefundisha watu saba tangu hapo, wanawake wanne na wanaume watatu, katika karakana yangu mwenyewe. Wote wameniharibia kitu: mmoja alipasua mbao za mkangazi, mwingine alidondosha patasi yangu bora kwenye sakafu ya saruji siku ileile niliyoinoa. Kila mara hasira inanipanda kama kwa binadamu yeyote, na kila mara, kabla sijafungua mdomo, nasikia lile swali likiulizwa kwa sauti ya taratibu yenye lafudhi ya Kihaya, nami nalazimika kutafuta kwanza ni kitu gani sikumwambia. Mara nyingi nakipata. Sina zawadi nyingine kubwa kuliko hiyo niliyopewa na mtu, na nilipewa bila kuiomba, na mzee aliyekuwa amepoteza kazi ya altare kwa ajili yangu na hakuona kwamba ametoa kitu.

Siku ile nilitaka kumwambia asante. Nilikuwa bado nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Naye akasema, "Shika upande ule wa ubao, tuugeuze." Nikaweka kikombe chini, nikaushika.